Kigari cha mbao kibaki mchezo, kisigeuke mzigo



Goma ni mji wa mbao. Ardhi yetu ni mawe ya volkano, na familia nyingi zinaishi katika nyumba za mbao. Kila nyumba inayojengwa au kubomolewa inaacha vipande: ncha za mbao, mabaki ya masanduku, paleti zilizovunjika. Vipande hivyo tunaviokota ili kuwashia makala. Hatusemi ni vibaya, maana chakula lazima kiive. Lakini juma hili tunaomba kila mama aweke kipande kimoja pembeni kabla hakijaingia jikoni. Kipande hicho kinaweza kuwa gari la mtoto.

Watoto wenyewe hawakutungoja. Wote tunaijua chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayoshusha viazi, mboga na makala kutoka Kibumba, Rutshuru na Masisi. Mji umeiheshimu hata ikapewa sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Watoto wanaitazama kila siku, halafu wanatengeneza ndogo ya kwao: ubao mmoja, usukani wa kijiti, magurudumu mawili. Anayeweza kufanya hivyo ana akili ya kazi, na sisi wazazi na walimu tunapaswa kuilea akili hiyo.

Mchezo huu unafundisha nini?

Sisi walimu tunaona faida yake darasani. Mtoto aliyewahi kupima ubao anaelewa sentimita haraka kuliko yule aliyeiona kwenye ubao wa chaki tu. Gari moja lina magurudumu 4. Magari 3 yana mangapi? Mtoto anayahesabu kwa vidole vyake, na meza ya 4 inaingia kichwani bila fimbo. Gurudumu likipinda, gari linaenda upande. Anatafuta sababu, anarekebisha, anajaribu tena. Hilo nalo ni somo.

Tusisahau wasichana. Mara nyingi kaka anapewa nyundo, dada anapewa ufagio. Msumeno hauchagui mkono. Wote wawili wapime, wote wawili wasugue mbao, na wote wawili wafagie vumbi la mbao baadaye.

Kwanza, chagua mbao nzuri

Si kila kipande kinafaa kwa mtoto. Acha mbao zilizopakwa mafuta machafu ya injini, yale yanayotumiwa kufukuza mchwa. Acha pia mbao zenye rangi ya zamani inayobanduka, kwa sababu rangi nyingine za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake linadhuru ubongo wa mtoto. Mbao hizo zisisuguliwe, na zisichomwe jikoni.

Ukipata paleti, tafuta alama iliyochapwa ubavuni. Herufi HT zinaonyesha kwamba mbao zilitibiwa kwa joto. Hizo zinafaa, kama hazikumwagikiwa na kitu kibaya. Herufi MB zinaonyesha kwamba zilitibiwa kwa dawa yenye sumu. Hizo ziache kabisa. Fundi wa mbao wa jirani naye ana vipande safi karibu na meza yake. Mwombe kwa heshima kabla hajavitupa.

Namna ya kutengeneza

Tafuta ubao wenye urefu wa sentimita 25, upana wa 10 na unene wa 2. Huo ndio mwili wa gari. Kipande kidogo cha sentimita 8 kitakuwa chumba cha dereva. Kigandishe mbele kwa gundi ya mbao.

Kwa magurudumu, chukua tawi la mkaratusi lililokauka vizuri, lenye unene wa sentimita 5. Likiwa bichi, magurudumu yatapasuka yakikauka. Kata vipande 4 vyenye unene wa sentimita 2, ukinyoosha msumeno, visiwe na mgongo. Mtu mzima atoboe kila kimoja katikati kwa msumari mnene uliopashwa moto kwenye makala na kushikwa kwa koleo. Kazi hiyo si ya mtoto.

Kata vijiti 2 vya mwanzi, kila kimoja sentimita 15. Kimoja kinapita chini ya ubao upande wa mbele, kingine upande wa nyuma. Kila kijiti kishikwe na vipande viwili vya mpira wa ndani wa pikipiki, vinavyopita juu yake na kupigiliwa misumari mifupi kwenye ubao. Misumari isitokeze upande wa pili. Kijiti kizunguke bila kukwama ndani ya mpira, lakini gurudumu likazwe kwenye ncha ya kijiti kwa gundi. Tukifanya kinyume, gurudumu litachomoka siku ya kwanza.

Mwisho, sugua kila pembe kwa msasa mpaka mkono wako usihisi mwiba. Kama hakuna msasa, jiwe la volkano lenye matundu madogo linasugua vizuri. Funga kamba mbele, na gari liko tayari.

Kuanzia miaka 6, mtoto anaweza kupima, kusugua na kupaka gundi. Msumeno ashike akiwa na mtu mzima pembeni. Mwenye umri chini ya miaka 3 asipewe gari lenye vipande vidogo vinavyoweza kuchomoka, kwa sababu kila kitu anakipeleka mdomoni. Na tusiache watoto wacheze kwenye mteremko wa barabara, mahali pikipiki zinapopita kwa mbio. Wacheze ndani ya kiwanja.

Mpaka ambao tusiuvuke

Kuna jambo linalotutia wasiwasi zaidi. Mtoto mwenye chukudu yake ndogo anaonekana anaweza kazi. Leo anabeba bidoni moja ya maji ya nyumbani. Kesho jirani anamwomba abebe mbili, anampa makuta kidogo. Baadaye anabeba magunia sokoni, na siku ya soko nafasi yake darasani iko wazi. Hakuna aliyeamua siku moja kwamba mtoto aache masomo; mzigo uliongezeka kidogo kidogo.

Tunajua hali ya nyumba zetu, na kumsaidia mama kazi ndogo ni sehemu ya malezi. Lakini nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 cha mkataba huo kinampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto nayo inakataza kumnyonya mtoto kwa kazi.

Tujiulize maswali matatu. Je, mtoto anaweza kuacha akichoka? Je, anachokibeba kinazidi nguvu ya mwili wake? Je, kinamnyima masomo au usingizi? Jibu likituambia kwamba mtoto anaumia, tuondoe mzigo, siyo chukudu. Na tukimwona mtoto wa jirani katika hali hiyo, tumwendee mama yake taratibu, bila kumwaibisha, tuone pamoja namna ya kusaidiana.

Katika mkutano wa juma lijalo, kila mama aje na kipande kimoja cha mbao safi, na mwenye msumeno aje nao. Tutatengeneza gari la kwanza pamoja, wamama na watoto. Vipande visivyofaa kwa gari, na visivyo na rangi wala dawa, vitarudi jikoni kuwasha moto.