Je, Wajua? Sarafu na Herufi za Kughushi

Mkazi wa Gulfton, Houston, akiona FW kwenye noti ya dola, ajue imechapwa humohumo Texas: kiwanda cha noti cha Fort Worth kilifunguliwa mwaka 1991. Sarafu zake hutoka mbali. P ni Philadelphia, D ni Denver, S ni San Francisco, na herufi hizo ndizo walaghai huzichezea.

Tazama senti 10 za 1916 zenye kichwa kilichovaa kofia ya mabawa. Philadelphia ilifua zaidi ya milioni 22. Denver 264,000 tu. Mtu akibandika D ndogo kwenye ile ya Philadelphia, ambayo wakati huo haikuwekwa herufi, bei inaruka.

Mnunuzi mgeni huikodolea macho herufi yenyewe. Mzoefu hushika lenzi ya sonara na kukagua pale herufi inapokutana na sarafu, kwa sababu herufi ya kweli haina mshono. Gundi huyeyuka kwa asetoni; lehemu haiyeyuki, ila huacha rangi tofauti. Wapo waliotoboa ukingo wa sarafu na kuisukuma herufi itokeze kutoka ndani, kazi ya ufundi kiasi cha kusikitisha. Ukingo nao ugeuzwe utazamwe.

Zamani herufi iligongwa kwa mkono kwenye kila muhuri wa kufulia, hivyo mahali pake panajulikana. Senti ya 1909 yenye S na herufi za mchongaji wake, V.D.B., ina mikao minne tu ya S. Dola ya fedha ya 1893 ya San Francisco ilitumia muhuri mmoja tu upande wa uso, wenye kimstari ndani ya T ya LIBERTY. S iwe nzuri namna gani, kimstari kisipokuwepo kwenye sarafu isiyochakaa, weka pesa yako mfukoni.

Mwaka 1922 mambo ni kinyume: senti zote zilifuliwa Denver, na zisizo na D, zilizotokana na mihuri iliyochoka, ndizo ghali. Kwa hiyo huko D hukwanguliwa!

Kwetu Tanzania ipo T ya Tabora, kwenye rupia 15 za dhahabu zenye tembo, zilizofuliwa na Wajerumani mwaka 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Hapo walaghai huiga sarafu nzima. Ya kweli ina uzito wa gramu 7 na ushei. Anza na mizani.