Gurudumu la Akiba la Feleji na Magurudumu ya Aloi

Mtu akifungua buti la gari dogo lililoingizwa Afrika Mashariki kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, mara nyingi ataona jambo linalostahili kufikiriwa. Magurudumu manne yanayokanyaga barabara ni ya aloi ya alumini, yenye mikono iliyong'arishwa. La tano, lililolala ndani ya buti, ni la feleji tupu, jeusi, lisilo na pambo. Wenye magari wengi huliona hilo la tano kuwa la kimaskini, nao hulitumia kwa haya mpaka tairi lao lizibwe. Wengine, hasa wanaosafiri katika njia za changarawe, hufanya kinyume: huyavua yale ya aloi, wakafunga feleji pande zote nne. Katika makala haya tutaeleza kwa nini hawa wa pili wana hoja, na pia hatari inayowangoja wote wakati wa kubadili, ambayo haimo katika gurudumu lenyewe bali katika nati.

Tuanze na maada. Feleji ya magurudumu ni chuma chenye kaboni kidogo sana, kwa kawaida chini ya asilimia 0.2. Bamba lake hukunjwa kuwa duara, likaungwa kwa kulehemu, kisha ndani yake hutiwa sahani iliyofinywa kwa mashine. Gurudumu la aloi, kwa kawaida, humiminwa katika kalibu: alumini iliyoyeyushwa pamoja na silikoni asilimia 7 hivi na magnesi asilimia 0.3 hivi. Silikoni huifanya metali iliyoyeyuka itiririke vizuri na kujaza pembe zote za kalibu. Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1924 Ettore Bugatti alipeleka katika mashindano ya Lyon, Ufaransa, gari lake la Type 35, ambalo magurudumu yake ya alumini yalimiminwa kipande kimoja na madramu ya breki.

Densiti ya feleji ni gramu 7.85 kwa sentimita moja ya ujazo, na ya alumini ni 2.7. Mwanafunzi mwenye haraka atakata shauri kwamba gurudumu la aloi ni jepesi karibu mara tatu. Akiyaweka yote mawili kwenye mizani atakuta tofauti ya kilo chache tu, na pengine hakuna tofauti kabisa. Kwa nini? Moduli ya Young ya feleji, yaani kipimo cha jinsi maada inavyokataa kunyumbuka, ni gigapaskali 210 hivi. Ya alumini ni 70. Gawanya kila moja kwa densiti yake: utapata 26.8 na 25.9, namba ambazo zinakaribiana sana. Alumini hupunguza uzito, lakini hupunguza na ukinzani kwa kiasi kile kile. Mhandisi hulazimika kuinenepesha. Faida anayobaki nayo ni kwamba kipande kinene hukinza kupindwa kwa kadiri ya kipeo cha tatu cha unene wake, na hapo ndipo kilo hizo chache zinapookolewa.

Sasa gari liingie shimoni kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Ukingo wa gurudumu hupata mkazo unaopita kiwango cha kunyumbuka, na swali linakuwa: je, maada hiyo inaweza kuvutika kiasi gani kabla ya kukatika? Feleji laini huvutika asilimia 25 au zaidi ya urefu wake. Aloi iliyomiminwa huvutika asilimia 5 hivi, na mahali penye vitundu vya hewa vilivyobaki wakati wa kumimina, hata hazifiki. Kwa hiyo feleji hupinda. Upepo huvuja polepole, usukani hutetemeka, dereva hupata habari. Na fundi aliye kijijini anaweza kuunyoosha ukingo kwa nyundo kiasi cha kumfikisha mjini. Aloi ikipigwa kidogo nayo hupinda, lakini ikipigwa kwa nguvu hupasuka, na upepo wote unaweza kutoka kwa mara moja.

Hapa mwanafunzi hodari atapinga: sufuria ya alumini ikianguka hubonyea, haipasuki! Pingamizi lake ni zuri. Sufuria hiyo imetengenezwa kwa bamba la alumini ambayo ni karibu safi, tena iliyopitishwa kwenye mashine ya kusukuma. Gurudumu lina vipande vidogo vidogo vya silikoni ndani yake, navyo ni vigumu lakini havivutiki. Alinganishe gurudumu na zile sufuria nzito ambazo mafundi wetu humimina kutokana na injini kuukuu. Hizo zikianguka sakafuni hupasuka.

Kupasuka huko kumezaa biashara ya kulehemu magurudumu ya aloi. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm aligundua kwamba aloi fulani ya alumini iliyochomwa na kupozwa ghafla iliendelea kuwa ngumu zaidi kwa siku kadhaa, ikiwa imewekwa tu. Aloi yake ilikuwa na shaba na magnesi, lakini kanuni ile ile hutumika katika magurudumu ya leo. Gurudumu huchomwa hadi nyuzi 540 za Selsiasi hivi, hutumbukizwa katika maji, kisha hupashwa kwa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 150 na kitu. Chembe ndogo mno za magnesi na silikoni hujipanga ndani ya fuwele na kuzizuia zisiteleze. Moto wa kulehemu huzikuza chembe hizo au kuziyeyusha, na sehemu iliyo kando ya kiungo hupoteza nguvu yake. Kwa macho gurudumu ni zima. Mimi sipandi gari ambalo najua gurudumu lake la mbele limelehemiwa hivyo.

Basi tufike kwenye nati. Watu wengi hudhani kwamba gurudumu hubebwa na bolti zake. Sivyo: hubebwa na msuguano kati ya uso wake na habu, na kazi ya bolti ni kubana nyuso hizo mbili. Mlinganyo wake ni T = K × F × d, ambapo T ni momenti ya kukaza, F ni kani ya kubana, d ni kipenyo cha bolti, na K ni namba inayotokana na msuguano, karibu 0.2 kwa nati kavu. Bolti ya milimita 12 ikikazwa kwa nyutoni-meta 103, F ni nyutoni 43,000 hivi. Nati tano hubana kwa nyutoni 215,000, sawa na uzito wa tani zaidi ya 20.

Kani yote hiyo hupita katika kalio la nati. Sahani ya feleji huwa na matundu ya umbo la pia, na nati yake ina ncha ya umbo hilo hilo. Magurudumu mengi ya aloi hutaka nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Ukiifunga nati ya shingo ndefu katika sahani nyembamba ya feleji, shingo huweza kugonga habu kabla sahani haijabanwa. Spana itakataa kuzunguka, nawe utaridhika, kumbe gurudumu linacheza. Ukifanya kinyume, pia ya nati huutafuna ukingo wa tundu la alumini mpaka ufa uanze. Baadhi ya watengenezaji hutoa nati moja yenye sura zote mbili, na kitabu cha gari hueleza. Pasipo maelezo hayo, seti ya pili ya nati ikae butini pamoja na jeki.

Ukubwa nao ni wa kuangaliwa. Tairi la 195/65 R15 lina kipenyo cha milimita 634. La 185/65 R14 lina 596. Katika kila kilomita dogo huzunguka mara 32 hivi zaidi, na likiwa upande mmoja wa ekseli inayoendesha gari, difu hufanya kazi mfululizo hata barabara ikiwa imenyooka. Gurudumu lisilolingana lifungwe kwenye ekseli isiyoendesha.

Pwani kuna shida nyingine. Alumini, chuma na maji ya chumvi ni betri. Alumini huliwa na gurudumu hung'ang'ania habu. Grisi kidogo kwenye duara la katikati la habu huzuia hayo. Lakini isiguse nyuzi za bolti: K ikishuka kutoka 0.2 hadi 0.15, spana ile ile ya nyutoni-meta 103 itaivuta bolti kwa nyutoni 57,000 badala ya 43,000.