Taa za kiti mwendo: dereva akuone, kisha akutambue

Jua likishazama Dar es Salaam, kama saa 12 na nusu jioni, dakika 20 tu zinatosha giza kushika. Huo ndio wakati watu wanatoka kazini, daladala zinagombea abiria, na mtu wa kiti mwendo cha umeme analazimika kushuka kwenye lami kwa sababu pembeni kuna mchanga, mtaro ulio wazi au meza ya muuza chipsi. Anakwenda kilomita 6 hadi 10 kwa saa, na kwa kuwa ameketi, kichwa chake hakifiki juu ya paa la gari dogo. Bajaji moja iliyoegeshwa inatosha kumficha.

Wengi wakienda dukani kununua taa huuliza swali moja: inawaka sana? Swali hilo linafaa kwa tochi. Taa ya kiti mwendo ina kazi mbili: dereva aione, kisha ajue mara moja kwamba mbele yake kuna kitu cha polepole na kiko karibu. Kazi ya pili ndiyo inayosahaulika.

Chukua mfano wa taa mbili nyekundu zilizofungwa nyuma ya kiti, moja kila upande, zikiwa zimeachana sentimita 50. Zinapendeza. Lakini usiku dereva hupima umbali wa gari lililo mbele kwa kutazama nafasi iliyopo kati ya taa zake mbili, na kwenye gari dogo nafasi hiyo ni kama mita 1.4. Kiti kikiwa mita 30 mbele yake, taa hizo zitamdanganya kuwa ni gari lililo karibu mita 85 huko mbele, tena lenye mwendo wa kawaida. Naye akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa anakula karibu mita 14 kila sekunde, na hata lami ikiwa kavu atahitaji mita 35 hivi ili atambue hatari, akanyage breki na kusimama.

Dawa ni kuvunja sura hiyo ya gari. Weka taa ya tatu juu, katikati, nyuma ya kichwa au kwenye kijiti cha kibendera, ili zifanye pembetatu. Hiyo ya juu ndiyo iwe ya kuwaka na kuzima, na zile mbili za chini zibaki zikiwaka muda wote. Taa ya kuwaka na kuzima huvuta jicho haraka, lakini ikiwa peke yake dereva hushindwa kukadiria iko umbali gani. Kuwaka muda wote nako, taa ikiwa moja na ndogo, hupotea kati ya taa za maduka na bodaboda. Zinahitajiana.

Kabla ya kutoboa tundu lolote, tundika kwanza mkoba wako pale unapoutundika kila siku, vaa kanga au koti lako, kisha angalia kutoka nyuma ni nini kimefunikwa. Taa nyingi hufungwa mahali pazuri dukani, zikazibwa na mfuko wa sokoni siku hiyohiyo.

Rangi haina mjadala: nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Jambo la kuangalia ni upande unaopita. Ukikabiliana na magari, yanaona mbele yako, kwa hiyo ile nyeupe ndiyo inayokulinda, na uiinamishe isije ikawapofusha madereva.

Ongeza utepe wa kuakisi mwanga, ule mwekundu na mweupe unaobandikwa nyuma ya malori. Hauli umeme wala hauungui. Kasoro yake ni kwamba hung'aa ukimulikwa tu. Bodaboda isiyo na taa haitauona.

Sasa umeme. Viti vingi vya aina hii hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Malori nayo hutumia volti 24, na hiyo ni bahati yetu: taa ndogo za LED za ubavuni mwa lori, zinazopatikana maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, zinafaa bila kifaa cha kupunguza umeme. Soma maandishi ya nyuma. Nyingi huandikwa volti 10 hadi 30. Ukikuta IP67, vumbi haliingii na taa inahimili kuzama mita 1 majini kwa dakika 30. Masika yetu yanadai kiwango hicho. Usiogope kwamba zitamaliza chaji. Taa zote zikila wati 5 kwa saa 4, ni kama asilimia 2 ya betri za ampea-saa 40.

Cha kuogopa ni mazoea ya fundi wa magari. Kwenye gari, waya hasi hufungwa kwenye bodi na kazi imekwisha. Kwenye kiti mwendo, fremu haitakiwi kupitisha umeme hata kidogo, maana waya mwingine ukichubuka na kuigusa, shoti itatokea chini ya makalio yako. Mwambie fundi nyaya zote mbili zifike kwenye betri, na fyuzi ya ampea 2 au 3 ikae hapohapo karibu. Asichote volti 12 kutoka betri moja, kwani hiyo itachoka kabla ya mwenzake na kuharibu zote mbili. Kiti kikiwa bado kwenye dhamana, zungumza na muuzaji kwanza. Asiyetaka nyaya anunue taa za baiskeli za kuchaji, mradi akumbuke kuzichaji.

Kama fedha ya mwezi huu inatosha kitu kimoja, nunua taa nyekundu ya nyuma. Utepe ufuate, na taa ya mbele iwe ya mwisho, isipokuwa kama njia yako ya kila siku inakukabilisha na magari.