Meza ya Gemu Ifike Ndanai

Anayeingia kwenye maonyesho ya gemu kwa mara ya kwanza huvutwa na makelele: muziki unaogongana kutoka vibanda jirani, vijana waliovaa kama mashujaa wa katuni, foleni ndefu mbele ya skrini kubwa. Asiyemwona ni yule aliyesimama hatua mbili nyuma ya mchezaji, kimya, daftari mkononi. Huyo ndiye mtengenezaji. Gemu iliyo mezani bado haijakamilika. Ni toleo la maonyesho, kipande cha dakika chache kilichokatwa ili mgeni auonje mchezo na kumpisha mwenzake. Kazi ya mtengenezaji ni kutazama bila kusaidia. Anaona kidole gumba cha mchezaji kikifunika kitufe alichodhani kimekaa pazuri. Anaona msichana akisoma maelekezo mara mbili, kisha akiyaruka bila kuyaelewa. Anaona mtoto akikosea shimo lile lile mara tatu, na mara ya nne akiirudisha simu mezani na kwenda zake. Kila kosa la mchezaji ni mstari kwenye daftari, na jioni mistari hiyo ndiyo inayokuwa orodha ya kazi ya kesho.

Mkulima wa chai ataielewa meza hiyo upesi. Kwenye kituo cha kununulia majani, kabla ya mizani, kikapu humwagwa na karani hupekua kwa mikono: majani mawili na chipukizi yanabaki, jani gumu linatupwa. Meza ya maonyesho hufanya kazi hiyo hiyo kwa gemu, na karani wake ni mgeni yeyote anayepita. Ndiyo maana naona mafunzo yanayopatikana pale yana thamani zaidi kuliko picha za magazetini na kadi za biashara zinazobadilishana mikono. Na kama thamani iko kwa mgeni, basi ni lazima tuulize mgeni huyo ni nani. Kwa studio za Kenya, jibu limekuwa lile lile kwa miaka mingi: ni kijana wa Nairobi. Nasema meza ihamishwe, walau mara moja moja, ifike vituo vya biashara kama Ndanai, kule Sotik katika Kaunti ya Bomet, chai inapopakana na mahindi na ng'ombe wa maziwa. Studio ndizo zitakazofaidika kwanza.

Maonyesho haya hayakuanza yakiwa makubwa. Mkutano wa watengenezaji wa gemu unaojulikana duniani kote kama GDC ulianza mwaka 1988 sebuleni kwa Chris Crawford, huko California, ukiwa na watu wasiozidi thelathini. Leo Gamescom ya Cologne, Ujerumani, hupokea wageni zaidi ya 300,000 kwa siku chache. Afrika nayo ina Africa Games Week ya Cape Town, na Nairobi ina NAICCON, tamasha la katuni, mavazi na gemu ambako studio za nyumbani hupata meza. Kazi ya kuonyesha ipo. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mojawapo ya gemu za kwanza za 3D kutengenezwa na Mwafrika, kisha akaanzisha Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Planet Rackus waliwapa Wakenya Ma3Racer, gemu ya simu inayomweka mchezaji kwenye usukani wa matatu. Weza Interactive wametoa Mzito, na Usiku Games ya Nairobi ilikuwa miongoni mwa studio zilizoungana mwaka 2022 na kuunda Pan Africa Gaming Group. Hatuzungumzii ndoto, basi. Tunazungumzia tasnia changa ambayo bado inamtafuta mteja wake.

Kwamba kipaji chaweza kutoka mbali na ukumbi, Lual Mayen amekwisha kututhibitishia. Familia yake ilikimbia vita vya kusini mwa Sudan, naye akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu hadi akafikisha dola 300 za kumnunulia kompyuta ya mkononi. Kambini hakukuwa na umeme, kwa hiyo kuchaji kulimgharimu safari ya miguu ya saa kadhaa. Masomo ya programu aliyapata kwenye flashi aliyopewa na rafiki. Gemu aliyoitengeneza, Salaam, humweka mchezaji katika nafasi ya mkimbizi anayetafuta maji, chakula na dawa. Kabla ya kufika ukumbi wowote mkubwa aliigawa kwa wenzake wa kambini, kisha akaiweka Facebook, na ni huko watu wa nje walikomwona. Desemba 2018 alitambuliwa katika The Game Awards, Marekani. Wengi husimulia habari hii kama ushindi wa mtu mmoja mwenye bidii, na bidii anayo kweli. Kinachonigusa zaidi ni mpangilio wake: wachezaji wa kwanza wa Salaam walikuwa watu walioishi maisha yale yale ambayo gemu iliyasimulia. Mchezaji wa kambini hahitaji kuelezwa kwamba maji hayako karibu. Akiona gemu inayafanya yapatikane kirahisi mno, atasema papo hapo kwamba hapa pamekosewa.

Sasa tuiweke meza Ndanai siku ya soko na tuone itafundisha nini. La kwanza ni simu yenyewe. Vijana wengi wa vijijini hutumia Tecno, Infinix au itel za bei nafuu, zenye kumbukumbu ndogo na nafasi iliyokwisha kujaa picha, video na nyimbo. Gemu inayokwenda kama maji kwenye kompyuta ya studio hukwama hapa, simu ikapata moto, betri ikashuka. Mtengenezaji aliyezoea ukumbi wenye kivuli atagundua kwamba rangi zake za usiku, alizozihangaikia wiki nzima, hazionekani kabisa juani. Atagundua pia kwamba simu moja ni ya watu watatu: kaka anaitumia mchana, mama anaihitaji jioni kupokea M-Pesa, na mdogo huiiba dakika kumi kabla ya kulala. Gemu inayohifadhi maendeleo ya mchezaji mmoja tu humfuta mmoja kila mwingine anapoanza. Tatizo hilo ni rahisi kulitatua kwa kuweka nafasi tatu za kuhifadhi. Ugumu ni kujua kwamba lipo, na hakuna anayelijua mpaka aone mdogo akilia kwa sababu kaka amefuta ngazi zake.

Kisha kuna bando. Mchezaji wa mjini mwenye Wi-Fi hapigi hesabu ya ukubwa wa faili. Wa Ndanai anaipiga kwa shilingi, na gemu inayodai kupakua vipande vipya kila wiki anaifuta wiki ya pili. Kuna na suala la pesa zenyewe. Katika nyumba za wakulima wadogo wa chai, malipo huja mwisho wa mwezi na bonasi kubwa huja mara moja kwa mwaka. Studio inayouza vitu vya ndani ya gemu kwa malipo ya kila juma imekopa kalenda ya mtu anayelipwa kila juma, kisha inashangaa Waafrika hawanunui. Nimesikia mara nyingi kwamba soko letu halilipi. Huenda halijaulizwa kwa wakati wake.

Wapo watakaosema safari yote hii ya nini, ilhali siku hizi gemu huwekwa mtandaoni na takwimu zikarudi zenyewe: wangapi wamepakua, wamefika ngazi gani, wameacha wapi. Hoja hii ina nguvu, na studio isiyosoma takwimu zake inajinyima. Lakini takwimu husema mchezaji aliondoka ngazi ya tatu. Hazisemi kwamba aliondoka kwa sababu mzee alimwita akafungue ng'ombe, au neno moja la Kiingereza lilimchanganya, au alidhani tangazo lililojitokeza ni sehemu ya mchezo akalibonyeza likala bando lake. Zaidi ya hapo, takwimu huhesabu walioingia tu. Yule ambaye simu yake ilikataa kupakua, au aliyeona ukubwa wa faili akaacha, hayumo kwenye hesabu yoyote. Studio inayotegemea takwimu peke yake itazidi kuwatengenezea wale inaowajua tayari, kila toleo likiwakaribia hao na kuwaacha mbali wengine, na mwisho itaamini kwamba wengine hao hawapo.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wazazi, na halifai kupuuzwa. Wanasema gemu zinakula muda wa masomo na kwamba vijana tayari wanaharibika kwa kamari. Shirika la Afya Duniani lenyewe limeuweka ugonjwa wa uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika mwaka 2022, kwa watu wachache wanaoshindwa kabisa kujizuia hadi maisha yao yakavurugika. Hofu ya mzazi, kwa hiyo, ina msingi. Ila tuitazame simu ya kijana wa Bomet ilivyo leo. Kamari imekwisha kufika bila kuhitaji meza wala ukumbi: ndege inapaa kwenye skrini, namba zinapanda, kijana anangoja sekunde ya kutoa pesa zake kabla ndege haijatoweka. Inafanana na gemu, ina rangi za gemu na sauti za gemu, ila kinachochezewa ni karo na nauli. Gemu halisi humwomba mchezaji ajifunze, na anayejifunza hupata ustadi usiopotea. Ndege ile haifundishiki kwa sababu hakuna cha kujua. Mzazi anayezichukia zote mbili kwa kipimo kimoja anamwachia kijana wake ile mbaya, kwa kuwa ndiyo yenye pesa za matangazo. Mzazi huyo akisimama karibu na meza, akamwona mtengenezaji ni kijana wa rika la mwanawe, akamuuliza moja kwa moja gemu hii inataka nini kwa mtoto wangu, atakuwa na kipimo bora cha kutenganisha. Na mtengenezaji atalazimika kujibu, jambo ambalo duka la mtandaoni halimlazimishi.

Kuhusu wanaosema Ndanai inahitaji barabara, maji na bei nzuri ya majani kabla ya gemu, sina ubishi juu ya mahitaji hayo. Ninachokataa ni foleni. Hakuna senti ya barabara inayopotea studio ikija na simu nne na meza ya kukunja. Tena, serikali yenyewe iliidhinisha mwaka 2022 masomo ya kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari. Mwanafunzi anafundishwa amri za kompyuta, na mara nyingi hajawahi kumwona mtu hata mmoja anayeishi kwa kazi hiyo. Zana nazo si kikwazo kama zamani: Godot, injini ya kutengenezea gemu, hupatikana bure tangu 2014.

Ipo na sababu nyingine, ya eneo hili hasa. Mpaka wa Sotik na Borabu, kati ya Wakipsigis na Abagusii, uliungua katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Kabla ya uchaguzi wa 2013, kampuni ya Afroes ya Anne Githuku-Shongwe ilitoa gemu ya simu, Haki 2: Chaguo ni Lako, iliyokusudiwa kuwafanya vijana wafikirie amani kabla ya kupiga kura. Wazo lilikuwa jema na la kijasiri. Sidai kwamba gemu huzima moto. Nadai kwamba gemu ya amani inayotengenezwa bila kuchezwa mezani na kijana wa Sotik na wa Borabu waliokaa benchi moja itakosa yale ambayo wao tu wanayajua: ni tusi gani lililoanzisha ugomvi sokoni, ni uvumi gani uliotumwa usiku, ni mzee yupi husikilizwa na pande zote. Hali kadhalika kwa hadithi. Chemosit, zimwi la mguu mmoja linalowatisha watoto wa Kikalenjin, ni adui wa gemu aliyekwisha kuundwa na vizazi vya wasimulizi. Lakini bibi wa Ndanai atajua kwa mtazamo mmoja kama aliye kwenye skrini ni Chemosit au ni jini la filamu lililopewa jina lake.

Gharama haziwezi kufumbiwa macho, kwani studio nyingi za Kenya ni watu wachache wanaofanya kazi nyingine mchana. Ndiyo maana nisingependekeza kuanza na tamasha jipya. Maonyesho ya kilimo ya ASK, ya Kisii na Nakuru, tayari hukusanya familia nzima kutoka kaunti za jirani, na mabasi ya shule hufika yenyewe. Studio mbili zikichangia kibanda kimoja, kaunti ikalipia nafasi na umeme, kilichobaki ni nauli na malazi. Kutoka hapo, siku moja ya ziada Ndanai yatosha: simu nne za bei nafuu, mwavuli wa kuzuia jua, betri ya akiba, maelekezo kwa Kiswahili na, kwa wazee, mtu wa kuyasema kwa Kipsigis. Watengenezaji wawili wasimame nyuma na madaftari yao. Wasiuze kitu siku hiyo, wasikusanye namba za simu za watoto, na kabla ya kuondoka wabandike kwenye ukuta wa kituo cha biashara orodha ya makosa waliyoonyeshwa, na tarehe ambayo toleo lililorekebishwa litarudi kuchezwa na watu wale wale.