Amri kwa Mashine: Herufi, Vitenzi na Waya Mmoja

Mada ya mhadhara huu huenda ikaonekana kuwa ya mafundi umeme, na baadhi yenu mnajiuliza imeingiaje katika taaluma za Kiswahili. Imeingia kwa kuwa zipo mashine ziongozwazo kwa maandishi matupu, na palipo na maandishi mwanaisimu ana kazi.

Tuchukulie ukumbi wa shule huko Mtinko, mkoani Singida. Mna kompyuta, kamera na projekta, na katikati yake swichi inayoamua picha ya chombo kipi ipelekwe kwenye skrini ipi. Fundi yuko Singida mjini. Hana haja ya kusafiri ili abonyeze kitufe: huandika amri, mtandao ukaifikisha Mtinko, na kisanduku kidogo kikaigeuza kuwa mapigo ya umeme katika waya wa RS-232, kanuni iliyotolewa Marekani mwaka 1960. Herufi hupita moja baada ya nyingine, kama shanga katika uzi. Kwa kasi iliyozoeleka ya mapigo 9600 kwa sekunde, kila herufi ikitumia mapigo 10 (la kuanzia, manane ya herufi yenyewe na la kufungia), waya hubeba herufi 960 kwa sekunde. Pande mbili zisipokubaliana juu ya kasi, swichi hupokea vurugu tupu.

Katika swichi za Extron, amri ya kuunganisha tundu la kuingilia la 1 na la kutokea la 2 huandikwa hivi: 1*2! Swichi hujibu: Out2 In1 All. Fundi haioni skrini. Jibu hilo ndilo jicho lake. Ikinyamaza, pengine waya umekatika. Amri ikiwa haieleweki, hurudi E10.

Sarufi yake ni ipi? Nafasi ndiyo yenye maana: 2*1! ni amri nyingine kabisa, kama vile *nitawapigia* na *watanipigia* zinavyotofautiana kwa nani ametangulia. Alama ya mshangao ndiyo kitenzi. Hapo ndipo ufanano unapokoma. Kitenzi cha Kiswahili hakiamrishi bila kumtazama anayeamrishwa: *soma* kwa mmoja, *someni* kwa wengi, *usome* kwa upole zaidi. Hata mwitiko una mwenyewe. Mwanamume huitika *naam*, mwanamke *abee*. Swichi haina heshima wala idadi.

Suala la herufi ni zito zaidi. Amri hizi huandikwa kwa mpangilio wa ASCII wa mwaka 1963, ulioongezwa herufi ndogo mwaka 1967. Una nafasi 128 tu. Kiswahili cha herufi za Kirumi huingia chote. *Ng'ombe* anahitaji kipashio kimoja tu cha ziada, nacho kimo. Kiswahili cha herufi za Kiarabu, chenye hazina kubwa ya tenzi, hakiingii. Wala Kinyaturu, lugha ya nyumbani kwa wengi wa Mtinko, hakiingii kikamilifu: kina irabu saba, ilhali mpangilio huo una herufi tano za irabu. Waya wenyewe haukatai. Ungebeba irabu hizo kwa namba mbilimbili. Anayekataa ni swichi iliyofundishwa namba 128. Mwalimu akitaka kuipa kamera jina kwa Kinyaturu, maneno mawili tofauti yanaweza kuandikwa sawasawa.

Kwa maoni yangu, si busara kudai amri yenyewe itafsiriwe. Tafsiri ikae pale mtu anapogusa. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilifanya hivyo: menyu zilikuwa za Kiswahili, mashine chini yake ikabaki na lugha yake. Kwa ukumbi wetu, kitufe kingesomeka «Kamera kwenye skrini kubwa», na nyuma yake 1*2! Iwapo kianze kwa *peleka*, *upeleke* au *kupeleka*, hilo wanafunzi wa sarufi wana haki ya kubishana juu yake.