Karabai au taa ya betri? Mvuvi wa dagaa apige hesabu kwanza

KWA mvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria, giza ndilo msimu wa kazi. Mbalamwezi ikitoweka, taa huelea majini, dagaa hukusanyika na wavu huzungushwa. Lakini kabla ya kuvuta hata kilo moja, mvuvi huwa ameshalipia mwanga.

Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Tatizo lake ni mafuta. Mwaka 2011 Serikali ya Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na mzigo ukamfikia mvuvi.

Tuchukue mfano wa mtumbwi wenye karabai nne, kila moja ikinywa lita moja na nusu kwa usiku. Hizo ni lita 6. Kwa usiku 20 wa giza ni lita 120, mbali na tambi na vioo vinavyopasuka. Zidisha kwa bei ya mafuta mwaloni kwako. Fedha hizo hutoka hata siku wavu unaporudi mtupu.

Taa ya LED ya wati 10, ikiwaka kuanzia saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri, hutumia wati-saa 100. Kwa kuwa kila taa huelea peke yake, kila moja inahitaji betri yake. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 18 inatosha. Ndogo zaidi itakauka kupita nusu kila usiku, na betri ya asidi ikizoea hivyo hufa mapema. Kuchaji betri nne, paneli ya wati 150 inafaa. Siku za mawingu utahitaji umeme wa nchi kavu.

Jenereta hutoa mwanga mkali na hufaa vyombo vikubwa, lakini nayo hula petroli na kudai fundi.

Gharama kubwa ya LED huja siku ya kununua. Hivyo usibadilishe taa zote mara moja. Nunua moja isiyopitisha maji na yenye dhamana, iwashe usiku mmoja na karabai, mbalimbali kidogo, kisha pima kilo za kila upande. Rudia kwa usiku kadhaa.

Aidha, kabla ya kulipa, muulize afisa uvuvi au BMU ya mwalo wako kuhusu taa zinazoruhusiwa. Taa ikikamatwa, hesabu yote hii haina maana.