Kuziba Vyema Kabla ya Kupaka Rangi

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Katika kazi ya vyombo na magari yafaa tuongeze neno moja: ufa uliozibwa vibaya hufichwa na rangi tu, mpaka siku ya hasara.

Katika visiwa vya Lamu jambo hili lajulikana tangu zamani. Huko Matondoni, kijiji mashuhuri kwa uundaji wa majahazi, fundi mwema hafuniki ubao uliooza. Huukata na kutia mpya. Kisha hupiga kalafati: nyuzi za pamba zilizotiwa mafuta hushindiliwa kwa patasi na nyundo ya mti katika nyufa za mbao. Chombo kikishuka majini, mbao huvimba na kuibana pamba, maji yasipate njia. Sehemu ya chini hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, na ya juu hupakwa sifa, mafuta ya papa. Ziba hiyo ni laini kwa sababu jahazi hunyumbuka kwa mawimbi. Kitu kigumu kama saruji kingepasuka, nao abiria wangelipa kwa roho zao.

Gari nalo lina ziba yake. Mitaa myembamba ya mji wa kale wa Lamu haipitiki kwa gari, lakini ng'ambo, katika gati ya Mokowe, magari ya bara hufika kila siku, na upepo wa bahari huyapiga kwa chumvi iharakishayo kutu. Zamani mafundi walijaza mabonde ya bodi kwa risasi iliyoyeyushwa. Siku hizi hutumia fila, ambayo ni gundi ya poliesta yenye unga laini wa mawe. Kazi yake ni kusawazisha palipobonyea, wala si kushika mahali pa chuma kilicholiwa.

Basi yapasa kufuata taratibu. Kwanza, osha chumvi kwa maji baridi, ukaushe kabisa. Pili, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae. Palipotoboka, kata na kuchomelea kipande kipya. Tatu, kwaruza kwa msasa mkali ili fila ipate kushika. Nne, changanya fila na dawa yake ya kugandisha, kadiri ya sehemu 2 za dawa kwa 100 za fila kwa uzani. Changanya kidogo kidogo, maana huganda kwa dakika chache. Dawa ikizidi, yaweza kutia doa katika rangi. Tano, paka tabaka nyembamba, na jumla isizidi milimita 6. Mwisho, ikiisha kukauka, piga msasa na upake rangi ya kwanza upesi, kwani fila iliyo wazi hunywa unyevu, na kutu huanza tena chini yake.

Kwa mkulima au karani anunuaye gari lililokwisha kutumika, liko jaribio rahisi. Funga sumaku katika kitambaa laini, uipitishe juu ya bodi ya chuma, hasa chini ya milango na pembeni mwa magurudumu. Mahali isiposhika, pana fila nene. Hapo usitoe fedha kabla fundi hajachungulia upande wa ndani.